Kabla Hujapiga Windows: Namna ya Kubadilisha Mfumo Endeshi wa Kompyuta ya Mtumba

Kila muhula unapokaribia kuanza, meza yangu ya kazi hapa Moshi hujaa kompyuta mpakato za walimu, na ombi huwa ni lile lile. Mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Kibosho aliniletea HP EliteBook 840 G3 aliyoinunua ikiwa imeshatumika, matundu ya feni yakiwa yamezibwa na vumbi, akaniambia, "Fundi, naomba unipigie Windows 11, hii imeanza kuganda. Nitaipitia jioni kabla sijapanda gari." Nilimjibu, "Mwalimu, kupiga Windows ni kazi ya saa moja. Kujua kama mashine inaikubali, na kuhakikisha mitihani yako haipotei, ndiko kunakotaka muda. Niachie hadi kesho." Mwongozo huu unafuata mpangilio nilioufuata kwenye kompyuta ile, na msomaji ataona kwamba sehemu kubwa ya kazi inakwisha kabla flashi yenye mfumo mpya haijachomekwa.

Sababu ya maombi hayo inafahamika. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo sisi huku tulikuwa mapumzikoni kwa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Windows 7 ilikuwa imeshafika huko tangu 14 Januari 2020, na Windows 8.1 tangu 10 Januari 2023. Kompyuta yenyewe haizimiki tarehe hiyo ikifika. Inaendelea kuwaka na kuchapa kama jana, ila kila tundu la usalama linalogunduliwa baada ya hapo linabaki wazi, na kwa mtu anayefungua barua pepe, akaunti ya benki na flashi za wenzake kwenye mashine hiyo hiyo, hilo ni jambo la kushughulikia mapema.

Ijue mashine yako kwanza

Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na herufi R, andika msinfo32, kisha bonyeza Enter. Ukurasa utakaofunguka unaonyesha jina la modeli, prosesa (ubongo wa kompyuta), kiasi cha RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), na kama mashine inawaka kwa utaratibu mpya wa UEFI au ule wa zamani unaoitwa Legacy. Yaandike yote kwenye karatasi, kwa sababu baadaye kompyuta ikiwa imefunguliwa hutakuwa na mahali pa kuyasoma.

Jambo la kuangalia kwa makini zaidi ni namba ya prosesa. Kwa prosesa za Intel Core za miaka ile, tarakimu inayofuata baada ya kistari ndiyo inayotaja kizazi: i5-3320M ni kizazi cha 3, i5-6300U ni cha 6, na i5-8250U ni cha 8. Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa kwa prosesa chache sana zilizoruhusiwa. Pamoja na hilo inataka RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, UEFI yenye uwezo wa Secure Boot (kinga inayozuia programu zisizoaminika wakati wa kuwaka), na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Hali ya TPM utaiona ukirudia vile vitufe viwili na kuandika tpm.msc. Ikisema haipo, usikate tamaa mara moja, kwani mara nyingi ipo ila imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguka kabla ya Windows kuwaka, ambako huitwa PTT kwa mashine za Intel na fTPM kwa za AMD.

Jina la modeli peke yake linaweza kumdanganya mnunuzi. Lenovo ThinkPad T480, ambayo kila muuzaji huisifu kuwa "inakubali Windows 11", ilitoka kiwandani ikiwa na prosesa za kizazi cha 8, lakini ziko nyingine zilizotoka na kizazi cha 7, na kwa nje hutaona tofauti yoyote. Ukiwa bado hujanunua, mwombe muuzaji aiwashe na akuonyeshe ukurasa wa msinfo32. Mwombe pia aingie kwenye BIOS mbele yako, maana kompyuta nyingi za mtumba zilikuwa mali ya maofisi, na baadhi hufika hapa zikiwa bado zimefungwa kwa nenosiri la BIOS ambalo hakuna anayelijua. Nenosiri hilo halifutwi kwa kubadilisha mfumo endeshi wala kwa kubadilisha diski, na bila kulijua unaweza kushindwa hata kuiambia kompyuta iwake kwa flashi.

Amua unaelekea wapi

Kompyuta ya mwalimu ilikuwa na i5-6300U, RAM ya GB 8 na diski ya kuzunguka ya GB 500. Kwa maneno mengine, RAM ilitosha na diski ilitosha kwa ukubwa, lakini prosesa ilikuwa nje ya orodha. Mtu aliye katika hali hiyo ana njia tatu.

Njia ya kwanza ni kubaki na Windows 10 kwa muda. Microsoft imeweka mpango wa masasisho ya ziada ya usalama kwa watumiaji binafsi utakaofika 13 Oktoba 2026. Unajiunga kupitia ukurasa wa Windows Update ndani ya mipangilio, kwa sharti kwamba Windows 10 yako ni toleo la 22H2 na unatumia akaunti ya Microsoft. Ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye wingu hulipi, kama hutaki unaweza kulipa dola 30 za Marekani. Hii ni njia nzuri kwa mtu anayetumia programu ambayo haina mbadala, kwa mfano duka linaloweka hesabu zake kwenye QuickBooks au Tally iliyosakinishwa kwenye mashine, ambalo halipaswi kuhamishwa katikati ya mwaka wa hesabu.

Njia ya pili ni kuilazimisha Windows 11. Inawezekana: programu ya bure iitwayo Rufus inaweza kuandaa flashi isiyouliza habari za TPM wala prosesa, na mafundi wengi mjini hufanya hivyo bila kumweleza mteja. Mimi huieleza, kisha kwa kawaida huikataa. Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine kama hiyo, na toleo jipya la kila mwaka huenda likahitaji kusakinishwa tena kwa mkono, kwa hiyo mteja anakuwa amenunua safari za kurudi kwa fundi. Tena, toleo la 24H2 na yanayofuata hayawaki kabisa kwenye prosesa za zamani sana zisizo na maagizo ya SSE4.2. Jambo jingine ni leseni. Kama Windows yako iliwahi "kuamilishwa" kwa programu ndogo ya kuvunja leseni iliyotoka kwenye flashi ya rafiki, fahamu kwamba programu za aina hiyo hutaka uzime kinga ya virusi ndipo zifanye kazi, na ukishaizima huna namna ya kujua zimeleta nini kingine.

Njia ya tatu ni kuachana na Windows na kuhamia Linux, mfumo endeshi mwingine wa bure. Kwa anayeanza napendekeza Linux Mint, kwa sababu menyu yake iko chini kushoto kama aliyoizoea mtu wa Windows, na toleo lake la 22, lililotoka Julai 2024, limeahidiwa masasisho hadi Aprili 2029. Linakubali kukaa kwenye RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndizo zinazostahili. Kwa mashine dhaifu chagua chapa ya Xfce ambayo ni nyepesi. Kwa yenye GB 8 kama ya mwalimu, chapa ya Cinnamon inapendeza zaidi. Mint ya sasa inataka prosesa ya biti 64 tu, kwa hiyo kompyuta ya biti 32 haiwezi kuipokea.

Mwalimu alipokuja kesho yake nilimuuliza swali moja tu: "Unafanya nini hasa na kompyuta hii?" Akajibu kwamba anatunga mitihani kwa Word, anajumlisha alama kwa Excel, na mengine yote anayafanya kwenye kivinjari. Kwa kazi hizo LibreOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu inayokuja pamoja na Mint, inatosha. Hofu yake ilikuwa kwamba angekuta kitu kigeni kabisa. Nilimkumbusha kwamba programu ya familia hiyo hiyo iliwahi kutafsiriwa kwa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, akacheka, akasema basi tuendelee.

Nakili kila kitu, kisha hakiki ulichonakili

Hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wasiwe na haraka. Watu hudhani faili zao zimo kwenye folda ya nyaraka, kumbe zimetawanyika kama kuku wa kienyeji. Angalia sehemu ya mezani inayoonekana ukiwasha kompyuta, folda za nyaraka, picha na vilivyopakuliwa, kisha fungua diski C yenyewe uone kama kuna folda zilizowekwa pale pale mlangoni. Ingia pia kwenye folda ya watumiaji uone kama kuna akaunti nyingine. Kwenye kompyuta ya mwalimu, folda ya MITIHANI niliyoikuta mezani ilikuwa na kazi za miaka miwili tu. Zilizobaki zote zilikuwa chini ya akaunti ya zamani ambayo hata yeye alikuwa ameisahau, iliyofunguliwa na aliyemuuzia kompyuta.

Nakili kwenda diski ya nje, si kwenye flashi utakayoitumia kusakinishia, kwa kuwa hiyo itafutwa yote. Ukimaliza, bofya folda ya asili kwa kitufe cha kulia, tazama idadi ya faili na ukubwa wake, kisha fanya vivyo hivyo kwenye nakala. Namba zikitofautiana, rudia. Fungua faili tatu au nne kutoka kwenye nakala, ikiwemo moja kubwa. Manenosiri yaliyohifadhiwa ndani ya kivinjari hayamo kwenye folda hizi, kwa hiyo hakikisha umeingia kwenye akaunti ya kivinjari na kwamba imeshayahifadhi huko, au yaandike mwenyewe.

Kama diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la Windows linaloficha data ya diski, tafuta ufunguo wake wa kurejesha wenye tarakimu 48 kabla hujagusa chochote kwenye BIOS. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Bila ufunguo huo, badiliko dogo tu la mipangilio ya BIOS linaweza kukufungia nje ya faili zako.

Nakala ikishakamilika, ichomoe diski ya nje na uiweke mbali na meza. Hilo nalisema kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita niliiacha imechomekwa wakati nasakinisha, na kwa kuwa diski zote mbili zilikuwa za GB 500, nilichagua ile isiyo yenyewe nikaifuta. Faili za mteja zilinusurika kwa sababu tu diski ya ndani ilikuwa bado haijaguswa, lakini dakika kumi nilizokaa nikiitazama ile skrini sizisahau.

Fungua kifuniko

Ukiwa na fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD, yaani diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Kuganda kwingi kwa kompyuta za mtumba hakuletwi na prosesa bali na diski iliyochoka, na mfumo mpya juu ya diski hiyo utaganda vile vile. Kompyuta nyingi za kuanzia takriban mwaka 2008 zinapokea SSD ya SATA ya inchi 2.5 mahali pale pale pa diski ya zamani. Zima kabisa kompyuta, chomoa chaja, fungua skrubu za chini, na kama betri iko ndani chomoa kwanza waya wake kabla ya kugusa kitu kingine. Ukiongeza RAM, soma maandishi ya ile iliyomo: DDR3, DDR3L na DDR4 si kitu kimoja. DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR3, na mashine iliyotengenezwa kwa DDR3L, inayotumia volti 1.35, haipaswi kupewa DDR3 ya volti 1.5.

Wakati kifuniko kiko wazi, piga brashi matundu ya feni. Hapa kwetu vumbi la kiangazi hutengeneza zulia zima kati ya feni na mapezi ya kupoozea, na joto la Januari likiongezeka mashine hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue.

Tazama pia betri ndogo ya mviringo kwenye ubao mama, ambayo kwenye mashine nyingi ni CR2032. Mzee mmoja aliwahi kuniletea kompyuta akilalamika kwamba kila tovuti inamwambia si salama, na kwamba tayari alikuwa amelipia kupigiwa Windows mara mbili kwa tatizo hilo. "Shikamoo mzee, hebu tuangalie saa," nikamwambia. Kwenye kona ya skrini tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Betri ile ilipokufa, kompyuta ilisahau tarehe kila ilipochomolewa, na kivinjari kikaona vyeti vyote vya tovuti kuwa bado havijaanza kutumika. Betri mpya na kurekebisha saa vilimaliza tatizo bila kubadilisha mfumo wowote.

Andaa flashi

Pakua faili ya mfumo kutoka tovuti ya wenyewe tu: ya Microsoft kwa Windows, ya Linux Mint kwa Mint. Ya Mint inakaribia GB 3 na ya Windows 11 inazidi GB 5, kwa hiyo bando la usiku litakuokoa. Upakuaji ukikatika katikati, faili inaweza kuonekana nzima kumbe ina kasoro. Ndiyo maana tovuti ya Mint inaweka msimbo wa SHA256 wenye herufi na tarakimu 64. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, na ulinganishe jibu na ule msimbo wa tovuti.

Fungua Rufus, chagua flashi ya GB 8 au zaidi, chagua faili uliyopakua, acha mipangilio mingine kama ilivyo, anza. Basi.

Jaribu kwanza, kisha sakinisha

Kabla ya kuwasha, angalia LUKU ina uniti za kutosha. Betri za kompyuta za mtumba mara nyingi hazihimili dakika kumi, na umeme ukikatika katikati ya kuandika diski utaanza upya. Kama betri imekufa na una UPS ya kuazima, iazime.

Chomeka flashi, washa, na papo hapo gonga kwa kurudiarudia kitufe cha kuchagua mahali pa kuwakia. Kwa Dell ni F12, kwa ThinkPad pia ni F12, kwa HP ni Esc kisha F9. Mint itawaka yote kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na fursa hii usiipoteze: unganisha Wi-Fi, cheza sauti, jaribu kamera, andika kwa kila kitufe cha kibodi, rekebisha mwanga wa skrini. Kwenye mashine zenye kadi ya Broadcom, Wi-Fi huenda isionekane mwanzoni. Unganisha simu yako ya Android kwa waya wa USB, ruhusu ishiriki intaneti kwa njia ya USB, kisha fungua kidhibiti cha draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa) na uiruhusu ipakue inayohitajika.

Ukiridhika, bofya alama ya kusakinisha iliyo mezani. Utaulizwa lugha, kibodi, na kama uongezewe vifaa vya kuchezea video na muziki. Kubali hilo la mwisho. Swali zito ni lile la diski. Kama umeweka SSD mpya na hakuna diski nyingine iliyochomekwa, chagua kufuta yote bila wasiwasi. Kama unataka Windows ibaki kando, chagua kusakinisha pembeni yake, ila soma kwa makini ukubwa utakaogawa. Weka saa za Dar es Salaam, jina, na nenosiri utakalolikumbuka. Kwenye SSD niliyomwekea mwalimu badala ya diski yake ya zamani, kazi yote ilichukua chini ya nusu saa.

Anayepandisha kutoka Windows 10 hadi 11 kwenye mashine inayokubalika hana haja ya yote haya, kwa kuwa Windows Update itamletea toleo jipya bila malipo kama leseni yake ni halali, na faili zitabaki mahali pake. Hata hivyo nakala aichukue.

Baada ya kuwaka

Kabla ya kurudisha faili, endesha kidhibiti cha masasisho, uwashe upya, kisha ufungue Timeshift na kuiagiza ihifadhi picha ya mfumo kila wiki, ili sasisho likiharibu kitu uweze kurudi nyuma. Timeshift inalinda mfumo, si nyaraka zako. Hizo endelea kuzinakili mwenyewe.

Kwa mwalimu, jambo lililomsumbua siku ya kwanza lilikuwa karatasi ya mtihani iliyokaa kurasa mbili kwa Word na sasa imemwagika hadi ya tatu. Mint haina fonti (mitindo ya herufi) za Calibri na Cambria, na pasipo mbadala sahihi maneno husogea. Sakinisha herufi za Carlito na Caladea, zilizotengenezwa zikiwa na upana ule ule, na kurasa nyingi zitarudi mahali pake. Mtihani unaokwenda moja kwa moja kwa mchapaji uhifadhi kwa PDF. Printa za HP kwa kawaida hutambulika zenyewe; kwa nyingine, tafuta draiva ya Linux kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla hujaahidi kuchapa kesho asubuhi.

Diski ya zamani ya mwalimu sikuifuta. Niliiweka kwenye kasha la USB, nikaandika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika, na kumwambia asiitumie kwa jambo lingine hadi muhula uishe. Wiki ya tatu alinipigia simu kuuliza iko wapi ratiba ya vipindi ya mwaka juzi. Ilikuwamo humo, ndani ya folda ya vilivyopakuliwa, kwa jina la "Document1 mpya kabisa".